Kuruka kutoka kilomita 39 juu: sayansi au mbwembwe?

SWALI: Habari zenu wahariri. Juzi mdogo wangu kanionyesha video ya yule Felix Baumgartner, mruka na parachuti wa Austria, akijirusha kutoka kwenye puto juu kabisa, mi nikamwambia hizo ni mbwembwe za watu wenye hela, yeye anakataa ati ni sayansi, tukabishana mpaka chai ikapoa. Nani yuko sahihi? Na mbona hakuungua akishuka, wakati vyombo vya anga vikirudi vinawaka moto?
Msomaji, Moshi

JIBU: Mdogo wako kashinda, mchemshie chai nyingine. Mbwembwe zilikuwepo, matangazo yalikuwepo, lakini hii habari ilianza zamani kwa shida ya kweli ya marubani.

Miaka ya 1950 ndege za jeshi la Marekani zilikuwa zinapanda juu mno, swali likawa rubani akilazimika kuruka huko atafika chini mzima? Wakadondosha midoli ya saizi ya mtu, ikawa inazunguka kama pia, mingine hadi mizunguko 200 kwa dakika, na hapo binadamu haponi. Fundi mmoja anaitwa Francis Beaupre akabuni mfumo ambao parachuti dogo linatangulia kufunguka ili kumtuliza mtu asizunguke, lile kubwa linakuja baadaye. Sasa nani alijaribu? Kapteni Joseph Kittinger, mwenyewe. Novemba 1959 akaruka, lile dogo likawahi kufunguka, kamba zikamzonga shingoni, akazunguka mpaka akazimia, akaokolewa na parachuti la akiba linalojifungua lenyewe. Haukuisha mwezi akaruka tena!

Safari yake kubwa kuliko zote ni ya Agosti 16, 1960, alipanda na puto. Puto linapanda, Kittinger anahisi glavu ya mkono wa kulia haishiki presha, na mkono unaanza kuvimba. Akanyamaza, maana alijua akisema tu wataalamu wa chini watamwamuru ashuke. Akaendelea kupanda hadi mita 31,300, mkono umevimba kama mara mbili yake, unauma, haufanyi kazi, akaruka hivyohivyo. Alipotua, baada ya saa chache mkono ukarudi kawaida. Mi nikiusoma huo mkasa huwa nautazama mkono wangu.

Maana juu ya kilomita 19 hivi presha ya hewa ni ndogo kiasi kwamba maji yanachemka kwenye joto la mwili, mate yanachemka mdomoni. Pyotr Dolgov wa Usovieti naye alipanda na puto, Novemba 1962, kofia yake iligonga chombo wakati anatoka kuruka, ikapasuka ufa, akafa. Ufa tu.

Sasa kwa marehemu Baumgartner (alifariki Julai 2025 huko Italia akiruka na paraglaida, lile bawa la kitambaa la kurukia). Oktoba 14, 2012 aliruka New Mexico kutoka mita 38,969, akafika spidi ya kilomita 1,357 kwa saa, mtu wa kwanza kupita spidi ya sauti bila kuwa ndani ya chombo chochote. Na sauti aliyokuwa anaisikia kwenye redio ni ya mzee Kittinger, miaka 84. Daktari mkuu wa mradi alikuwa Jonathan Clark, ambaye mke wake Laurel alikuwa mmoja wa wanaanga saba waliokufa chombo cha Columbia kilipovunjika 2003 kikirudi duniani. Huyo baba alitaka kujua mtu akitupwa nje huko juu anaweza kuokolewa vipi, kwa hiyo kifuani mwa Felix vilifungwa vipimo vya moyo na pumzi, na timu yake ikaandaa utaratibu wa kumtibu mtu ambaye suti imevuja. Hapo mi siwezi kuita mbwembwe.

Kuhusu kuungua: chombo kinachorudi kinakuja na spidi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, hewa ya mbele yake inabanwa mpaka inawaka. Felix alianza kutoka sifuri, na kadiri alivyoshuka hewa ilizidi kuwa nzito ikampunguza spidi.

Halafu mwambie mdogo wako rekodi ya urefu sio ya Felix tena. Oktoba 24, 2014 Alan Eustace, mmoja wa mabosi wa Google wakati huo, miaka 57, alipanda akining'inia chini ya puto na suti tu, hana hata chombo cha kukaa, akaruka kutoka mita 41,419, hiyo ni Kilimanjaro saba zikipangwa juu kwa juu. Alianzia juu kuliko Felix ila spidi yake ikawa ndogo kidogo, 1,322, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na parachuti dogo la kumtuliza asizunguke, wazo lilelile lililomzonga Kittinger shingoni 1959.