Machozi Yasubiri Klozapu: kwa mnaoanza kuigiza mbele ya kamera

Kila tamthilia mpya ikianza kurekodiwa hapa Mombasa, huja vijana wazuri, wenye sauti, waliotamba kwenye tamasha za drama za shule na jukwaa la Little Theatre. Na kila mara humaliza kulia kwenye waidi, ile picha pana inayopigwa kwanza. Jamani, mtatuua.

1. Mpangilio mnaujua: onyesho lilelile hupigwa kwa waidi, kisha midiamu (kiunoni hadi kichwani), halafu klozapu (uso tu). Lakini "eksheni" ikitamkwa, mtu husahau yote. Chukua onyesho la binti anayeletewa habari za msiba akiwa barazani na kikombe cha kahawa. Kwenye waidi uso wake ni mdogo mno, machozi hayaonekani. Yeye analia yote: kamasi, kifua, mikono kichwani. Teki ya pili, yaani wakirudia kurekodi, analia tena kwa sababu bodaboda imepita. Ya tatu ni kunguru. Kamera inapofika usoni saa mbili baadaye, macho yamevimba na kukauka, wanja umechuruzika, na kwikwi ni ya kulazimisha. Hapo ndipo mtazamaji alitakiwa ampende.

Bado kuna kikombe. Kwenye waidi alikiweka chini kwa mkono wa kulia, kwenye neno "mama". Kwenye klozapu anakiweka kabla hajaambiwa kitu. Mhariri akiunganisha, kikombe kinaruka. Basi atumie teki dhaifu inayolingana, ama picha aipeleke kwa mwenzako. Mara nyingi huipeleka kwa mwenzako, na kilio chako cha thamani kinasikika huku watu wanatazama kisogo chako. Kwa hiyo kwenye waidi hisia ziwe nusu, mwili uwe kamili. Tendo moja kwa sentensi moja, ulifunge kwenye neno, kisha uandike kwa penseli pembeni mwa skripti: "mama, kikombe chini, kulia". Wa kontinyuiti, anayelinda matendo yalingane picha kwa picha, anaandika pia, ila yeye hatakuja kukushika mkono kamera ikizunguka.

2. Macho. Chagua jicho moja la mwenzako, lililo karibu na kamera, ubaki nalo. Ukiruka kutoka jicho hili hadi lile, kwenye skrini unaonekana kama mtu anayetafuta namba ya matatu. Mwigizaji Mwingereza Michael Caine alilifundisha hilo kwenye kipindi cha BBC mwaka 1987, pamoja na kutopepesa ovyo, kwa kuwa kupepesa kunamdhoofisha mhusika. Hatujasema mkodoe.

3. Alama sakafuni, inayokuonyesha pa kusimama, si pambo. Kwa lenzi ya milimita 85, mwanya wa lenzi ukiwa f/2, kamera ikiwa mita moja na nusu kutoka usoni, sehemu inayoonekana wazi ina kina cha kama sentimita nne tu. Ukiinama kwa uchungu bila kumwambia mtu wa fokasi, anayerekebisha lenzi picha iwe wazi, sikio litaonekana wazi na macho yatafifia. Anza kwenye alama, tembea kinyumenyume mpaka unapoanzia, hesabu hatua, na ukirudi usiangalie chini.

4. Wapo wanaosikia kwamba mwigizaji Greta Garbo, kwenye picha ya mwisho ya filamu Queen Christina (1933), aliambiwa na mwongozaji Rouben Mamoulian asiwaze chochote. Basi nao wanaleta uso mtupu onyesho la kwanza! Uso ule ulijazwa na filamu nzima iliyotangulia. Mwongozaji Mrusi Lev Kuleshov alikwisha kulionyesha jambo hili: sura ileile ya mwigizaji Ivan Mosjoukine, ikipangwa kando ya bakuli la supu au jeneza, watu waliisoma tofauti. Kwa hiyo punguza, ndiyo, lakini hakikisha skripti imekuwekea jeneza. Na msikilize mwenzako kwa kweli. Anayesubiri zamu yake ya kusema hujulikana shingoni.

5. Jua la saa sita hutia kivuli machoni, na hakuna haiba bila macho, kwa hiyo sogea kivulini bila kubembelezwa. Jasho likandamizwe kwa tishu, lisifutwe. Kaskazi ikivuma usipaze sauti, maikrofoni iko kifuani.

6. Onyesho la kula. Kaimati utakayoimeza nzima kwenye teki ya kwanza utaimeza nzima kwenye ya tisa, na ukishiba kwenye waidi, klozapu utakuja nayo ukicheua. Ng'ata kidogo, tafuna upande ulio mbali na kamera, maneno yasubiri mpaka umeze. Na kabla hamjaanza, muulize mtu wa propsi, mtunza vifaa vya onyesho, amenunua kaimati ngapi.