Acha kushika tochi, shika mrija

Kaka, hapo hapo simama. Umeandika kwamba mwezi ujao mwanao anatolewa mrija wa kulishia wa puani awekewe wa tumboni, na kwamba mafunzo ya hospitali "ataenda mama yake, ndiye mwenye mkono mwepesi", wewe utamuunga mkono kwa mengine. Kisha ukauliza mambo manne: pampu au bomba la sindano lipi bora, mtoto ataweza kurudi kula kwa mdomo, mnasafiri naye vipi, na sisi wazazi wengine tunasaidianaje tusichoke.

Mstari ule wa mkono mwepesi nimeusoma mara tatu. Niliusema mimi, karibu neno kwa neno, na mwanangu akarudi thieta kwa sababu yake.

Kwetu tuligawana kazi kama watu wenye akili: mke wangu mrija, mimi riziki. Tulishauriwa hivyo na wazoefu wa kundi la wazazi nililojiunga nalo, watu ambao watoto wao walikuwa na mirija miaka mingi kabla yetu. Mmoja wao, nitamwita Mzoefu maana ndivyo alivyopenda kuitwa, aliniambia manahodha wengi chombo huenda mrama, mwachie mama, wewe utamchanganya tu. Nikaipenda sana methali ile. Ilinipa ruhusa ya kuogopa bila kuonekana naogopa. Lile tundu kwenye tumbo la mtoto, kila nikiliona magoti yalikuwa yanalegea.

Basi cheo changu kikawa mshika tochi. Mke wangu akisafisha, akibadilisha, akivuta maji ya lile puto linaloushikilia mrija ndani ili kuyapima, mimi namulika. Nilimulika vizuri, sijisifu. Na nadharia nilikuwa nayo tele. Ungenikuta na wageni nikieleza kwamba njia ya kupitisha mrija tumboni kwa endoskopu, kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, bila kupasua tumbo ilianzia Cleveland mwaka 1979, na kwamba wa kwanza kufanyiwa alikuwa mtoto mchanga. Wageni wanatikisa kichwa, huyu baba kweli anafuatilia. Mrija wenyewe nilikuwa sijawahi kuugusa.

Mwezi wa nane baada ya upasuaji mke wangu alikuwa amechakaa. Miezi minane halali usiku mzima hata mara moja. Siku moja nikajifanya mwanamume, nikamwambia nenda kwa dada yako ukalale, usiku mmoja tu. Na zima simu. Kumbuka hapo, kuzima simu nilimwambia mimi. Nilijua kuwasha pampu na kuizima, nikaona yanatosha.

Saa 8 usiku nikashtuka, kitanda cha mtoto kimelowa. Maziwa kila mahali, pampu inaendelea kusukuma kwa bidii kuingia kwenye godoro, na kile kitufe, yaani mrija wenyewe, ule mfupi unaokaa juu ya ngozi, kimelala pembeni ya mtoto. Puto lilikuwa limepasuka. Kama hujaambiwa bado: vitufe vingi vinashikiliwa ndani ya tumbo na puto dogo lenye maji, letu lilikuwa mililita 5. Likivuja au kupasuka, hakuna kinachozuia kitufe kutoka. Ndiyo maana mke wangu alikuwa anayavuta yale maji kila wiki kuona kama yamepungua. Mimi miezi yote nilidhani anachanganya dawa.

Nikasimama pale na kitufe mkononi. Mke kazima simu. Sijui namba ya wodi, sijui vifaa vya akiba viko wapi, sijui hata kama vipo. Nikafanya nilichokijua, nikaandika kwenye kundi. Mzoefu akajibu ndani ya dakika 2, na hapo ndipo nilipopotea. Saa 8 usiku ukipata jibu la haraka unaliamini, unaona anayejibu upesi bila shaka anajua. Aliandika: tundu la miezi minane ni kama tundu la sikio, haliendi popote. Funika na plasta, laleni, asubuhi nendeni.

Tundu la sikio!

Mrija wa mwanangu ulikuwa namba 12. Namba hizo ni kipimo cha unene, kila namba 3 ni milimita 1. Kwa hiyo tunazungumzia tundu la milimita 4 kwenye nyama hai inayofanya kazi yake ya kuziba jeraha. Mwili haujui kwamba tundu lile tunalihitaji. Mrija ukitoka, tundu linaweza kuanza kusinyaa ndani ya saa 1 au 2. Mzoefu mtoto wake alikuwa na tundu la miaka sita, na kwa bahati yake halikuwahi kumfanyia vituko. Uzoefu wake wote ulikuwa huo, tundu moja lenye adabu, na kwa hilo akatoa fatwa kwa matundu ya watoto wa dunia nzima. Nilipomwambia baadaye yaliyotokea alinijibu "pole sana kaka, kila mtoto yuko tofauti." Kaka, sijui kama nimewahi kuitupa simu kwa nguvu kiasi kile. Kioo bado kina ufa.

Narudi usiku ule. Nikabandika plasta safi kabisa, nikakunja na pembe. Nikakaa macho hadi alfajiri nikijiona baba wa mfano. Saa 12 asubuhi ni saa ya dawa ya kifafa, na dawa hiyo inapita kwenye mrija. Mwanangu hawezi kumeza bila kupaliwa. Dawa ninayo mkononi, njia ya kuipitisha hakuna. Hapo ndipo akili ilipoamka. Njiani kifafa kikamkamata mara mbili, mimi naendesha, jirani amempakata nyuma. Tumefika saa 2. Daktari akajaribu mrija wa namba 12, haukuingia. Wa 10, haukuingia. Akajaribu wa 8, mwembamba kama ncha ya kalamu, ukagoma. Akaniuliza umetoka saa ngapi. Nikamwambia saa 8. Akauliza, saa 8 ya lini?

Nusukaputi tena, tundu jipya tena. Siku tisa za kungoja akiwa na mrija wa puani, aliyekwisha kuuchukia, akiung'oa kila tukigeuka. Kisha zile wiki za mwanzo tukazianza upya kutoka sifuri, kama vile miezi minane haikuwahi kuwapo.

Mkoba wa akiba ulikuwapo. Ulikuwa kwenye droo ya pili chumbani, mita tatu kutoka nilipokuwa nimesimama. Ndani yake kitufe kipya, mrija mmoja wa namba ndogo zaidi, bomba la sindano, na karatasi ya mwandiko wa mke wangu: "Kikitoka: usisubiri." Alikuwa ameiandika siku waliyotoka hospitali. Kwa tundu lililokwisha kukomaa kama lile, kazi yote ilikuwa ya dakika 5.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Ila tangu siku ile kwa miezi mitano hakulala nje ya chumba cha mtoto, hakwenda kwa dada yake, hata kuoga alioga mlango wazi. Mimi nikisema nenda kapumzike, ananiangalia tu. Gharama ya thieta tuliilipa ikaisha, hii nyingine niliendelea kuilipa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na wanaonijua humu wamechoka kuisikia: asiyewahi kuuweka mrija kwa mkono wake asiachwe peke yake na mtoto. Nimesema kuuweka. Mimi niliona mara mia, tena kwa mwanga mzuri. Macho hayakunisaidia kitu.

Sasa usinielewe vibaya ukaharibu zaidi. Tundu jipya, wiki zile za mwanzo, ni habari nyingine kabisa. Bado tumbo halijashikana vizuri na ngozi, na ukijaribu kurudisha mrija nyumbani unaweza kuupeleka nje ya tumbo la chakula, maziwa yakamwagikia ndani ya mwili. Muda huo ukitoka unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Daktari wenu awaambie kwa tarehe, si kwa "baada ya muda kidogo", lini mnaruhusiwa kuurudisha wenyewe. Iandikeni kwenye mkoba. Na baada ya hapo, kitufe kikigoma usikisukume kwa nguvu. Unapitisha ule mrija mwembamba wa akiba ili tundu lisifunge, unaubana na plasta, mnaondoka. Hata ukifanikiwa kukirudisha, usimlishe kabla hujavuta ukaona maji ya tumbo yanatoka.

Namna ya kujifunza: kwenye mafunzo mwende wote wawili. Usiseme kazi. Mimi pia nilikuwa na kazi, na nilipoomba siku mbili za mafunzo mara ya pili bosi alinipa bila kuuliza, nikajisikia mjinga zaidi. Hospitali nyingi zina mwanasesere mwenye tundu la kufanyia mazoezi. Ni kichekesho, mwanamume mzima na ndevu zake anamlisha mwanasesere maji huku anatokwa jasho, lakini jasho hilo ni bora likutoke pale. Kisha ikifika zamu ya kubadilisha kitufe, kwa kawaida kila miezi 3 hadi 6, uweke wewe, mkeo asimame pembeni. Ashike tochi yeye. Mara ya kwanza mikono yangu ilitetemeka hadi mtoto akacheka. Anacheka vizuri siku hizi.

Na kwa kuwa bado yuko na mrija wa puani: umetaja kwamba kabla ya kumlisha mkeo anapuliza hewa kwenye mrija na kusikiliza tumbo, ajue kama mrija uko tumboni. Acheni leo. Sauti ile inaweza kusikika vilevile hata mrija ukiwa mahali pabaya, na Uingereza walipiga marufuku kuitegemea tangu 2005. Ombeni karatasi za kupimia asidi, mnavuta maji kidogo kwenye mrija, mkipata pH, yaani kipimo cha asidi, ya 5.5 au chini ndipo mnalisha. Kama anatumia dawa za kupunguza asidi mwambieni nesi, maana kipimo kinaweza kupanda. Nani aliwafundisha kupuliza? Usinijibu. Atakuwa Mzoefu mwingine.

Ya pampu, kula kwa mdomo na safari nawaachia wengine. Kuhusu kusaidiana, hilo angalau nina la kusema. Sasa hivi tunapokezana usiku. Usiku wangu mrija ni wangu, na mke wangu haruhusiwi kuamka hata nikifanya polepole. Ilichukua muda kuaminiwa. Wiki za kwanza alikuwa anasimama mlangoni gizani akidhani simwoni.

Halafu kuna familia moja tuliyokutana nayo wodini wakati wa ule upasuaji wa pili. Binti yao ana kitufe kama cha kwetu. Tulikubaliana jambo ambalo kundi lile halikuwahi kutushauri kwa miezi yote niliyokaa humo: wao wajifunze mrija wa mwanetu, sisi wa binti yao, kila mmoja aweke mwenyewe mbele ya nesi. Leo mara moja kwa mwezi wanatuachia binti yao wanatoka, na mwezi huohuo sisi tunawaachia wetu. Mara ya kwanza tulipotoka mimi na mke wangu tulikaa saa nzima tukiangalia simu, kisha yeye akasinzia begani kwangu mezani mbele za watu. Sikumwamsha. Kundi la watu 200 wanaokuandikia "pole" na "Mungu ni mwema" lina kazi yake, silidharau, kuna usiku pole moja inakuvusha. Ila saa 8 usiku hakuna hata mmoja wa wale 200 anayeweza kugonga mlango wako. Tafuta wawili wanaoweza, wapeleke kwa nesi.

Na ukiuliza jambo la dharura humu jukwaani ukanikuta mimi ndiye niliyejibu kwanza, usinisikilize. Piga wodini. Namba iandike ukutani, siyo kwenye simu ya mkeo.

Upasuaji ni tarehe ngapi? Kabla hujajibu, ondoka hapo ulipo, katafute mkoba wa vifaa vya mtoto bila kumuuliza mtu. Jipe dakika moja. Ukishindwa, mwamshe mkeo akuonyeshe. Hapana, mwache alale. Utafute tu hadi uupate.