Vituo ni vingi, wenye navyo ni wachache

Ndugu, unasema Kenya vyombo vya habari viko huru kwa sababu redio ni nyingi. Hayo ni majina. Tazama wenye navyo: Citizen TV na redio za lugha za kienyeji Inooro, Ramogi, Mulembe na Musyi zote ni za Royal Media ya mfanyabiashara S. K. Macharia. K24, Kameme na People Daily ziko Mediamax, inayohusishwa na familia ya Kenyatta. Standard, KTN na Radio Maisha ni kundi ambalo familia ya Moi imekuwa na hisa. Wa Kisumu na wa Murang'a wanasikiliza lugha tofauti, lakini mshahara wa watangazaji wao unaweza kutoka mfuko mmoja.

Januari 2018 serikali ilipozima NTV, KTN na Citizen kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, kuwa 'rais wa wananchi', kila mtu aliona. Shinikizo la mwenye mali halionekani hivyo. Denis Galava, mhariri wa gazeti la Nation, aliandika tahariri ya kumkosoa Rais Uhuru mwanzoni mwa 2016, akasimamishwa, kisha akafutwa kazi. Kampuni ilisema hakufuata taratibu. Haya.

Halafu kuna matangazo ya kulipiwa ya serikali. Machi 2024 yaliagizwa yaelekezwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, na kwa kampuni binafsi hilo lilikuwa pengo kubwa. Mhariri hahitaji kupigiwa simu na Ikulu. Mhasibu wake mwenyewe atamkumbusha. Na habari za mashamba ya wenye vituo, wewe huzisikia kituo gani?