Wasomaji Wauliza: Vitenzi vya Kiingereza katika Wakati Uliopita

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili mkoani Tanga. Katika insha zangu za Kiingereza, mwalimu hupiga mstari mwekundu chini ya sentensi kama "I didn't went to school" na "Yesterday we went to the market, buy fish and come home". Ninajua kwamba "went" ndiyo wakati uliopita wa "go". Kosa langu liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa la kwanza utaliona upesi ukiitazama lugha yako mwenyewe. Tukisema "nilipika", wakati uliopita unabebwa na kiambishi "-li-". Tukikanusha tunasema "sikupika", ambapo "-li-" huondoka na "-ku-" ikachukua nafasi yake, kwa kuwa kitenzi kimoja hakihitaji alama mbili za wakati uleule. Kiingereza nacho hufanya hivyo: katika "I cooked" alama ya wakati imo ndani ya kitenzi, lakini katika "I did not cook" na "Did you cook?" alama hiyo imehamia kwenye "did", na kitenzi kikuu kimerudi katika umbo lake la msingi. Kwa hiyo andika "I didn't go". Kitenzi "be" hakihitaji msaada huo: "I was not at school", "Were they late?"

Kosa la pili lina chanzo kingine, nami ninaamini halizungumzwi vya kutosha madarasani. Katika Kiswahili, msimulizi akishataja wakati mara moja, vitenzi vinavyofuata huchukua "-ka-": "Jana tulikwenda sokoni, tukanunua samaki, tukarudi nyumbani." Kiambishi hicho hutegemea wakati uliokwisha kutajwa na kitenzi cha kwanza. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, na ndiyo maana kila kitenzi katika masimulizi lazima kioneshe chenyewe kwamba tendo limepita: "Yesterday we went to the market, bought some fish and came home." Ukimaliza kuandika insha, ipitie upya na usimame kwenye kila mahali ambapo kwa Kiswahili ungetumia "-ka-", huko ndiko makosa mengi hujificha.

Tahadhari pia na "-me-". Katika mazungumzo yetu mtu anaweza kusema "Nimefika jana" bila kushangaza yeyote, ila "I have arrived yesterday" haikubaliki, kwa sababu Kiingereza kikishataja siku, mwaka au saa iliyokwisha, hudai wakati uliopita wa kawaida: "I arrived yesterday", "Tanganyika became independent in 1961".

Kuhusu vitenzi visivyofuata kanuni, kama "bought", "taught" na "cut" ambayo haibadiliki kabisa, sishauri kukariri orodha ndefu kwa mfuatano wa alfabeti. Jifunze kila kimoja ndani ya sentensi mbili, ya kukubali na ya kukanusha, ili maumbo yote mawili yakuingie pamoja.

SWALI: Je, "-ed" hutamkwa vipi? Mimi husema "worke-di" na watu hucheka.

JIBU: Wanaocheka hawakutendei haki, maana maandishi yenyewe hupotosha. Silabi huongezeka pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d, kama "wanted" na "needed". Kwingineko haiongezeki: "worked" na "washed" ni silabi moja moja, na mwishoni husikika t, "played" na "lived" nazo ni silabi moja moja, na mwishoni husikika d. Jizoeze kwa kutamka "work" na "worked" moja baada ya nyingine, ukihakikisha kwamba hakuna irabu inayojipenyeza kabla ya konsonanti ya mwisho wala baada yake.