Ada si tatizo kubwa

Bwana Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama Serikali iwalipie vijana wa kaya maskini mafunzo ya kazi za afya na maabara. Mie nasema ilipe. Ila nataka kuzungumzia nauli, watoto, na nani anabaki na mgonjwa nyumbani, maana hapo ndipo watu wetu wa Pemba wanapokwama.

Nina jirani yangu huku upande wa Micheweni, mama wa mtoto mmoja, analima mpunga. Kidato cha nne alifaulu Biolojia na Kemia. Walipokuja watu wa mradi wa kichocho kutafuta bondeni konokono wanaoeneza ugonjwa huo, sheha aliwapa yeye awaonyeshe njia. Wao na mabuti yao ya mpira walianza kuchota katikati ya maji, wasipate kitu. Akawaambia wageuze majani ya mayungiyungi, na kweli konokono walikuwa wameganda chini yake. Tangu siku hiyo hawakwenda bondeni bila yeye. Walimfundisha kumjua konokono wa kichocho: ukilishika ganda ncha ikatazama juu na mdomo ukakuelekea wewe, mdomo huo unakuwa kushoto. Wakamwonyesha namna anavyowekwa kwenye gilasi ya maji penye mwanga mpaka vijidudu vya kichocho vimtoke, na jinsi mkojo unavyochujwa ukatazamwa mayai kwa hadubini. Jioni akija kwangu kununua mafuta ya taa, hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake. Alinieleza kwa nini maji yakienda mbio konokono huwa wachache, kwa nini watoto wanaooga bondeni ndio wanaokojoa damu. Nimesomesha skuli miaka mingi, na mtu mwenye akili ya sayansi namjua.

Basi ikatangazwa kozi ya wasaidizi wa maabara, ada bure, kwa vijana wa kaya maskini. Akachaguliwa. Kozi ikawa Unguja. Daladala mpaka Chake, nyingine mpaka Mkoani, kisha boti, na posho hakuna. Dahalia haikupokea mtoto mchanga. Mamake ana matende, hawezi kumbeba mjukuu kwenda kisimani. Alikwenda, akarudi kabla ya mtihani wa mwanzo, na nafasi yake ikaandikwa kuwa ameiacha kwa hiari. Neno hilo "kwa hiari" linaniuma mpaka leo.

Huo mfano wa Marekani mlioutaja, mpango wa HPOG wa kufundisha watu kazi za afya, ulioanza 2010 chini ya sheria ya afya ya Obama ukamalizika 2021, wenzetu hilo walilifikiria. Pamoja na mafunzo, watu wa kipato cha chini walisaidiwa usafiri na malezi ya watoto. Nilikuwa nimalizie hapa, niseme tufanye kama wao. Lakini tathmini za mpango huo zilionyesha kwamba watu walipata vyeti, wengi wakaingia kazi za afya, ila kipato chao hakikupanda kwa kiasi cha kutajika. Na huku kwetu tunawaona vijana wenye vyeti wanaojitolea hospitalini bila mshahara, wakingoja ajira.

Kwa hiyo jibu langu limegeuka mkononi. Fungu likiwa dogo, mie nisingelipia ada ya mtu hata mmoja mpaka nafasi ya kazi iwe imeandikwa na mshahara wake. Ningeanza na wanaoifanya kazi tayari: waajiriwe, wasome hapa hapa Pemba wakiwa kazini. Tuna maabara ya afya ya jamii pale Wawi tangu 2000, haiwezi kusemwa kwamba sayansi iko ng'ambo tu. Sisemi asiye na cheti aachiwe kusoma damu ya mgonjwa, hasha. Wala sijui nimjibu nini anayeuliza mradi wa konokono ukifungwa mshahara utatoka wapi, isipokuwa kwamba utoke bajeti ya Wizara, na kichocho bado kipo.