Sina uvimbe, niende Dar kupiga picha ya matiti?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko Isevya hapa Tabora, nina miaka 47, siumwi popote. Dada yangu yuko Uingereza, huko wanaitwa kila baada ya miaka 3 kupigwa picha ya matiti hata kama mtu haumwi kitu, sasa kila akipiga simu ni hilohilo, nipande treni niende Dar na mie nikapigwe. Kuna faida au ndo kujitafutia ugonjwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dada yako hadanganyi, ile picha inaona kitu kabla mkono haujakigusa, na kansa ikikamatwa ndogo mara nyingi wanatoa uvimbe tu titi linabaki. Mwaka 2012 jopo la wataalam hukohuko Uingereza lilipiga hesabu, wakiitwa wanawake 10,000 kwa miaka 20 kuanzia miaka 50, vifo kama 43 vinaepukwa. Ila humohumo kama 129 wanakutwa na kansa ambayo isingewasumbua mpaka wanakufa kwa mengine, na kwa kuwa daktari hawezi kujua ipi italala ipi itaamka basi wote wanapasuliwa na wengine wanapewa mionzi. Hilo husikii likisemwa sana. Bado wale wanaoitwa warudi, wachomwe sindano watolewe kinyama, usingizi hakuna, halafu majibu yanakuja hamna kitu.

Sasa sisi huku tatizo letu lingine kabisa. Wengi wanafika hospitali ya kansa ya Ocean Road Dar au hospitali ya Bugando Mwanza titi limeshatoboka, na uvimbe aliuona zamani tu, akaambiwa maziwa yameganda, akapakwa dawa akanyamaza. Hapo ndo tunapopoteza watu jamani, na wala haihitaji mashine. Mumbai kule India walifundisha wahudumu kupima matiti kwa mikono kila miaka 2, wakafuatilia wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20, waliofika miaka 50 vifo vikapungua karibu 30%. Wa chini ya hapo faida kwenye vifo haikuonekana.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe hiyo nauli ningeitunza. Hata kama 50 hujafika, nenda hospitali ya Kitete hapohapo Tabora upimwe kwa mikono, na siku ukiona uvimbe, ngozi kubonyea au chuchu kutoa damu, usisubiri hata mwezi uishe, komaa nao mpaka kinyama kipimwe. Ila hujaniambia kama mama yenu au mama mdogo aliwahi kuumwa titi. Kama yupo, hesabu inabadilika, mwambie daktari hilo kwanza kabla hajakugusa, huenda ukahitaji hiyo picha kweli.