Hasara pekee haimfikishi mkurugenzi pabaya

Je, bodi ikiuza kampuni kwa bei ambayo wanahisa wanaiona ya kutupa, hiyo inatosha kuwadai wakurugenzi fidia? Hapana, kama kampuni imesajiliwa Delaware, jimbo la Marekani. Mahakama za kule haziingilii uamuzi wa biashara uliofanywa kwa nia njema, bila maslahi binafsi, na baada ya kupata taarifa za kutosha.

Kwenye taarifa ndipo bodi ya kampuni ya Trans Union iliponaswa, katika kesi ya Smith v. Van Gorkom ya 1985. Waliidhinisha kuuza kwa dola 55 kwa hisa, kikao cha kama saa mbili, maelezo ya mdomo ya dakika 20, mkataba wenyewe hawakuusoma. Bei ilikuwa juu kuliko ya sokoni na bado wakaonekana wamezembea!

Wakurugenzi nchi nzima walishtuka. 1986 sheria ya kampuni ya Delaware ikabadilishwa, kifungu cha 102(b)(7): kampuni inaweza kuandika kwenye hati yake ya usajili kwamba mkurugenzi hatalipa fidia kwa uzembe wa aina hiyo. Kampuni kubwa karibu zote zimeandika. Kwa hiyo ukitaka kuwadai wakurugenzi, tafuta kujipendelea au nia mbaya, kwani kinga hiyo haifiki huko.

Ila angalia nani kaumia. Kama ni kampuni yenyewe, mfano fedha zake zimefujwa, ili ushtaki kwa niaba yake lazima uwe ulikuwa na hisa wakati huo, uiombe bodi ishtaki au ueleze kwa nini kuiomba ni bure, na ukishinda pesa zinaingia kwa kampuni, si mfukoni mwako.